Kompyuta Inalia Nini? Namna ya Kuufuata Mlio Hadi Unakotoka

Mtu akimpelekea fundi kompyuta na kusema "inalia," bado hajasema kitu. Huenda ni feni iliyokaukiwa mafuta, hadi diski (hard disk, ile inayohifadhi mafaili) inayokata roho, UPS (kile kifaa cha betri kinachoibeba kompyuta umeme ukikatika) inayodai betri mpya, ukurasa wa intaneti uliofichwa na kurasa nyingine huku ukicheza tangazo, au simu iliyolazwa karibu na spika. Akiulizwa inaliaje, ataguna, atapiga mluzi, ataiga trekta, na bado fundi atakuwa palepale. Tunakumbuka vizuri sana kwamba sauti ilitukera. Kuisimulia ni shughuli nyingine.

Swali lenye faida ni jingine: inaanza lini, na inanyamaza lini? Kwenye kompyuta, karibu kila sauti ina jambo inaloambatana nalo. Feni inafuata joto. Diski inafuata usomaji na uandikaji wa mafaili. Mvumo wa spika unafuata umeme wa ukutani. Ukishajua sauti inaandamana na nini, umebakiza kidogo tu kumjua mhusika, na bisibisi bado iko kwenye droo.

Anza kwa kunyamazisha

Zima sauti ndani ya Windows kwa kubofya alama ya spika chini upande wa kulia wa skrini. Mlio ukikatika papo hapo, ulikuwa unatengenezwa na programu, na hakuna sababu ya kufungua chochote. Ukiendelea, chomoa waya wa spika kwenye kompyuta na uzime spika zenyewe. Ukikatika sasa, programu haihusiki. Kuna umeme au mawimbi yanayojipenyeza njiani kati ya kompyuta na spika. Na kama spika zimekufa kabisa lakini mlio upo, basi unatoka ndani ya lile boksi ambalo wengi wetu tumezoea kuliita CPU, au hautoki kwenye kompyuta hata kidogo. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na tutalifikia.

Mlio wa programu

Mlio unaowasumbua wengi ni ule wa noti mbili ambao Windows huutoa kifaa cha USB kinapochomekwa (noti zinapanda) na kinapochomolewa (zinashuka). Ukiusikia unajirudia wakati hujagusa kitu, kuna kifaa kinachopoteza mawasiliano na kuyapata tena: waya wa printa uliolegea, flashi iliyoingia nusu, simu inayochajiwa kwa waya uliochoka. Chomoa kimoja baada ya kingine, ukisubiri kidogo kila mara, mpaka mlio ukome. Kinachowachanganya watu ni pale wanapochomoa vyote na mlio ukaendelea. Sababu ni kwamba kwenye laptopu nyingi kamera, Bluetooth na kisoma alama za vidole navyo vimeungwa kwa USB ndani kwa ndani, hata kama huoni waya. Programu ndogo ya bure ya USBLogView, kutoka NirSoft, huandika jina la kila kifaa kinachoingia na kutoka pamoja na saa yake. Iache wazi, endelea na kazi zako, mlio ukitokea geuka uisome.

Muziki au maneno yanayosikika bila kujua yanatoka wapi kwa kawaida ni ya kivinjari. Tangu mwaka 2014 Chrome huchora kispika kidogo juu ya ukurasa unaotoa sauti, kwa hiyo pitisha macho juu ya kurasa zako zote kabla ya kuanza kumlaumu mtu. Usipokiona, bofya kulia alama ya spika ya Windows na ufungue kichanganya sauti: kila programu inayotoa sauti ina mstari wake, na unaocheza ndio unaolia. Vimlio vifupi vinavyokuja na vijitangazo pembeni mwa skrini, hasa vile vinavyodai kompyuta ina virusi 5, vinatoka kwenye tovuti ambayo siku moja ulibofya "ruhusu" ili ikutumie arifa. Antivairasi haitavigundua kwa sababu si virusi. Nenda kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa za tovuti, uondoe majina usiyoyafahamu.

Kuna na ukurasa unaojaza skrini nzima, king'ora kinalia, na sauti inakuamuru upige simu namba fulani kwa sababu kompyuta "imefungwa." Ni matapeli. Kompyuta haijafungwa, ni kivinjari kilichotanuliwa tu. Shika Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua kidhibiti kazi (Task Manager), tafuta jina la kivinjari kwenye orodha, ukifunge, na ukikifungua tena usikubali kirudishe kurasa za awali. Namba usiipige.

Na kama mtoto amecheza na kibodi, kisha kompyuta ikawa inatoa vimlio kila ukigusa kitufe cha herufi kubwa (Caps Lock), kuna uwezekano amewasha huduma za watumiaji wenye ulemavu. Shift ikibonyezwa mara 5 mfululizo huamsha moja, Shift ya kulia ikishikiliwa sekunde 8 huamsha nyingine, Num Lock ikishikiliwa sekunde 5 huamsha ya tatu. Zote huzimwa kwenye mipangilio ya ufikivu.

Mlio wa spika usiotokana na programu

Wenye umri wa kutosha wanaukumbuka huu: ti-ti-ti, ti-ti-ti, ti-ti-ti, trrrrr, halafu simu inaita. Simu ya 2G hairushi mawimbi mfululizo. Inagawana njia moja na simu nyingine kwa zamu, na zamu yake hurudi kila baada ya milisekunde 4.615, yaani karibu mara 217 kwa sekunde. Mawimbi yenyewe ni ya megahezi 900 au 1,800, ambayo hakuna sikio la kuyasikia. Lakini kule kuwaka na kuzimika mara 217 kwa sekunde ni kasi iliyo ndani kabisa ya usikivu wetu. Waya wa spika unakuwa antena, amplifaya inaligeuza lile pigo kuwa sauti, na wewe unasikia mtandao wa simu ukifanya kazi. Simu zinapokuwa kwenye 3G hazina tabia hii, kwa kuwa 3G hurusha mfululizo. Ila kitochi bado kimejaa majumbani, na simu ya kisasa nayo hurudi 2G pale mtandao unapokuwa hafifu. Simu pia hujitambulisha kwa mnara kila baada ya muda hata kama hakuna anayekupigia, ndiyo maana mlio unakuja na simu haiiti. Isogeze mita moja kutoka kwenye spika, basi.

Mvumo mzito usiokatika, mmmmm, unatoka kwenye umeme. Umeme wetu Afrika Mashariki hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na ukiingia kwenye waya wa spika husikika kama mvumo wa hezi 50 au 100. Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, wanasikia mvumo mwembamba kidogo. Kwa laptopu jaribio ni rahisi: chomoa chaja. Mvumo ukikatika laptopu ikiwa kwenye betri, umeshajua.

Chanzo hasa huwa ni kimoja kati ya viwili, na vinapingana. Cha kwanza ni ethi mbili: kompyuta imechomekwa soketi hii, amplifaya soketi ile, kila moja ina njia yake ya kwenda ardhini, na ule waya wa sauti unaoziunganisha unafunga mzunguko ambao umeme mdogo unaupita. Dawa ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Cha pili ni kutokuwa na ethi kabisa, na hapa inabidi tuseme kweli kuhusu soketi zetu. Soketi ya matundu matatu bapa imetengenezwa ili pini ndefu ya ethi ifungue vizibo vya matundu mengine mawili. Mwenye plagi ya pini mbili hufanya nini? Anadidimiza kalamu kwenye tundu la juu, vizibo vinafunguka, plagi inaingia, maisha yanaendelea. Kompyuta ya mezani ikiunganishwa kwa njia hiyo, zile kapasita za kuchuja umeme ndani ya pawa saplai hazina pa kupeleka mabaki yao, na boksi la chuma hubaki na volti kama nusu ya zile za ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, lakini ukipitisha mkono juu ya chuma unahisi unawashwawashwa vidole, na spika zinavuma. Mvumo huo ni taarifa ya bure kuhusu nyaya za nyumba yako. Mwite fundi umeme apime ethi. Kukata pini ya ethi ili mvumo uishe, kama wanavyofanya baadhi ya watu wa muziki, kunaondoa kelele na ulinzi kwa pamoja.

Kama spika zinatoa vikelele vya zzz-zzz kila ukisogeza kipanya au kushusha ukurasa, unachosikia ni kazi ya prosesa na kadi ya picha ikivuja kwenye sakiti ya sauti. Hakuna kilichoharibika. Kadi ndogo ya sauti ya USB, ile ya bei ya chini kabisa, mara nyingi inatosha kuumaliza.

Ndani ya boksi: feni

Sasa tuje kwenye sauti za vitu halisi. Chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa nusu mita, au viringisha karatasi ya A4 iwe bomba jembamba. Weka ncha moja sikioni, nyingine ipitishe taratibu nje ya matundu ya boksi: nyuma kwenye pawa saplai, ubavuni palipo na prosesa, mbele zilipo diski. Sauti iliyokuwa imejaa chumba kizima inakusanyika sehemu moja, na utashangaa jinsi inavyojulikana wazi ukipita juu yake. Kwa kazi hii huhitaji kifaa cha duka.

Feni ndiyo mhusika mara nyingi. Ikikoroma asubuhi mashine ikiwa baridi, kisha ikatulia baada ya dakika kadhaa, mafuta ya kwenye mhimili wake yameganda au yamepungua; yakipata joto hulainika na kelele hupungua. Feni hiyo haijafa, ila haina siku nyingi. Ikianza kuvuma pale tu unapofungua video au mchezo, mhimili ni mzima na tatizo ni joto. Na ikitoa trrrrr ya kasi moja kuanzia kuwasha hadi kuzima, tazama kama kuna waya unaogusa mapanga yake. Zima mashine, ilaze ubavu, iwashe tena. Sauti ikitoweka au ikibadilika, kuna kitu kimelegea, waya au mhimili. Tafadhali usiilaze ikiwa inafanya kazi. Hadi diski haipendi kuzungushwa huku inasoma.

Kuhusu joto, feni inayozunguka mara mbili ya kasi yake haiongezi kelele kidogo. Wahandisi wa feni hukadiria desibeli 15 zaidi, na kwa sikio hilo ni ongezeko kubwa sana. Kwa hiyo ukipunguza joto kidogo tu, unashusha kelele nyingi. Kwenye laptopu, vumbi hujikusanya mahali usipoliona: kati ya feni na zile pezi nyembamba za shaba au alumini ambazo hewa hutokea. Linajishona likawa blanketi. Kuipulizia laptopu kutoka nje kunalisukuma blanketi lilelile ndani. Inabidi kifuniko cha chini kifunguliwe litolewe zima. Unapopuliza kwa blowa, zuia mapanga kwa kidole au kijiti yasizunguke, kwani hewa kali huyazungusha kupita kasi yaliyotengenezewa na mhimili unaumia. Mashine ya miaka mingi, kama hizi za mezani tunazonunua zikiwa zimetumika Ulaya, mara nyingi pia pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto imekauka ikawa unga. Kuifuta na kupaka mpya ni kazi ndogo, na tofauti unaisikia siku hiyohiyo.

Pawa saplai usiifungue. Feni yake ikilia, badilisha pawa saplai nzima au mpe anayezijua, kwa kuwa kapasita zake zinaweza kubaki na chaji kali hata baada ya kuchomolewa.

Kuna feni inayovuma wakati hufanyi chochote. Mara nyingi ni masasisho ya Windows au antivairasi inayokagua mafaili. Lakini zipo pia programu haramu zinazotumia prosesa yako kuchimba sarafu za kidijitali, na baadhi yake zina ujanja wa kusimama mara unapofungua kidhibiti kazi ili usizione. Feni inatulia ukichungulia, inavuma ukiondoka. Usikurupuke kuhukumu, maana kazi za matengenezo za Windows nazo husimama mtumiaji anaporudi kwenye kibodi. Kinachozitofautisha ni kwamba matengenezo humalizika. Ikiwa hali ni hiyohiyo kila siku, saa kwa saa, fanya ukaguzi kamili wa virusi.

Tak, tak, tak

Hapa ndipo naomba msomaji asimame. Sauti nyingine zote katika makala hii zinaweza kungoja wiki ijayo. Hii haingoji.

Hadi diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na juu ya sahani hiyo kinaelea kichwa cha kusomea. Umbali kati yake na sahani ni nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwenye sahani kumeandikwa kiwandani alama zinazokiambia kichwa kiko wapi. Kichwa kikishindwa kuzisoma, ama kwa kuwa kimeharibika ama kwa kuwa sahani imekwaruzwa, kinarudi kwenye kituo chake na kujaribu upya. Kile kitendo cha kurudi na kugonga ndicho tak unayoisikia. Kinajaribu tena: tak. Tena: tak. Kila jaribio linaweza kuwa linaikwaruza sahani zaidi, na kwenye sahani ndiko ziliko picha za harusi.

Si kila kugonga kwa diski ni kifo. Mchakacho mwepesi usio na mpangilio, unaokuja unapofungua mafaili, ni kazi yake ya kawaida. Diski za laptopu hupaki vichwa zikikaa bila kazi na kutoa tik moja kila baada ya muda; hilo nalo ni la kawaida. Cha kuogopa ni mlio wa kugonga wenye mpigo sawa, unaojirudia, hasa ukiandamana na kompyuta kuganda au diski kutoweka kwenye orodha. Tena kuna diski ya nje inayogonga kwa njaa ya umeme tu: mlango wa USB 2.0 hutoa miliampea 500, na waya mrefu au ekstensheni ya USB iliyochoka hupunguza hata hizo, kwa hiyo sahani inajaribu kuzunguka na kushindwa. Ichomeke moja kwa moja kwenye mlango mwingine, kwa waya mfupi, mara moja. Ikinyamaza na kufunguka, umeponea hapo. Ikigonga tena, ichomoe.

Kama diski bado inasomeka, nakili. Anza na visivyopatikana tena, picha na maandishi yako, kisha vingine. Windows yenyewe itapatikana popote. Usianze na programu ya kukarabati diski. Ile amri ya chkdsk inayokagua sahani yote inaitumikisha diski mgonjwa saa nyingi, na huenda nguvu hizo ndizo zilizokuwa zimebaki za kuokolea mafaili. Baada ya kunakili, programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha diski inavyojitathmini: ukiona idadi ya sekta (vijisehemu vya sahani) zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa inapanda siku hadi siku, usiitumie tena kwa kitu chochote unachokijali.

Kama haisomeki na unavyo vitu vya thamani ndani, izime na ubaki umeizima. Ule ushauri wa kuiweka kwenye friza umezunguka sana intanetini. Diski iliyotoka kwenye baridi kuingia hewa ya Dar es Salaam au Mombasa hupata umande juu ya sahani, na kichwa kinachoelea nanomita chache juu ya matone ya maji hakifiki mbali. Wala usiifungue "tuone kuna nini"; vumbi la chumba ni majabali kwa kipimo hicho.

Mashine yako ikiwa na SSD peke yake, hadithi hii haikuhusu. SSD haina kinachozunguka. Tak-tak unayoisikia tafuta kwenye feni.

Pi-pi-pi za kuwasha

Tangu IBM PC ya mwaka 1981, kompyuta hujikagua inapowashwa, na ikikuta kosa kabla skrini haijawaka, haina njia ya kukuambia isipokuwa kulia. Hesabu milio, kisha tafuta maana yake kwa jina la mtengenezaji, kwa sababu lugha hizi hazifanani. Milio 5 kwenye Dell nyingi ina maana betri ya mazabodi imekwisha: ile bapa ya CR2032, volti 3, inayouzwa hata kwa mafundi saa. Milio 5 ileile kwenye HP Compaq nyingi za zamani za mezani ina maana tatizo la RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Mwenye Dell akifuata maelezo ya HP atanunua RAM asiyoihitaji. RAM yenyewe, kabla ya kununua nyingine, itoe, isafishe ncha zake za dhahabu kwa raba ya penseli, uirudishe mpaka vishikizo vijifunge. Mashine nyingi zilizosafirishwa kwenye basi hupona hapo.

Mlio usiokatika wakati wa kuwasha mara nyingi ni kibodi: kitufe kimenasa, au kuna daftari limeegemea juu yake.

Mfano wa ajabu kuliko yote uliwahi kuandikiwa maelezo rasmi na Microsoft. Wateja walilalamika kwamba kompyuta zinapiga muziki zenyewe, "Für Elise" ya Beethoven au "It's a Small World," hata Windows ikiwa imewashwa katika hali salama. Haikuwa virusi. BIOS (programu ya kwenye mazabodi inayoiamsha kompyuta) za Award/Unicore za kuanzia mwaka 1997 ziliwekewa muziki huo makusudi, ili upigwe feni ya prosesa inapofeli au volti za pawa saplai zinapotoka nje ya kiwango. Aliyeamua kwamba hatari ya moto itangazwe kwa piano alikuwa na ucheshi wake.

Mluzi mwembamba

Iiiiii nyembamba sana, inayobadilika ukishusha ukurasa au ukifungua mchezo, inatoka kwenye koili na kapasita za umeme zinazotetemeka kadiri mkondo unavyopanda na kushuka. Haidhuru kitu. Hutokea zaidi kwenye menyu za michezo, ambapo kadi ya picha huchora mamia ya picha kwa sekunde bila sababu. Weka kikomo cha picha 60 na mluzi hushuka. Mtoto akikuambia anausikia na wewe huusikii, mwamini. Televisheni za chogo za mfumo wa PAL zilipiga mluzi wa hezi 15,625 sebuleni kwetu miaka yote ile, na watu wazima wengi hawakuwahi kujua.

Pengine si kompyuta

UPS hulia umeme ukikatika, na hulia kwa haraka zaidi chaji inapokaribia kwisha. Ikilia na umeme upo, mara nyingi betri yake ya asidi imechoka, na joto letu huichosha mapema. Tak moja moja kutoka chini ya meza jioni, wakati mtaa mzima unapika na taa zinapunguka nguvu, ni swichi za ndani ya UPS au stabilaiza zikirekebisha volti. Zinafanya kazi yake. Ila zikigonga kila dakika, volti za nyumba yako zinayumba mno.

Mjusi kafiri nyuma ya skrini naye hutoa tak-tak-tak ya kuridhisha kabisa; anapenda joto la pawa saplai na wadudu wanaofuata mwanga. Walio Ulaya na Amerika ya Kaskazini wana mhusika wao: king'ora cha moshi darini, ambacho betri ikiisha hutoa pi moja fupi kila baada ya nusu dakika au dakika nzima. Mlio wake uko karibu na hezi 3,000, mahali ambapo masikio hupata tabu kujua sauti imetoka upande gani, kwa hiyo mtu huapa ni kompyuta.

Inapowaka yenyewe usiku

Limebaki lile linalowatoa watu vitandani: nyumba kimya, kila mtu kalala, na feni inaanza kuvuma sebuleni. Mara nyingi ni saa nane usiku, na saa nane usiku kwetu ina sifa zake. Hiyo hasa ndiyo saa ambayo Windows imepangiwa kufanya matengenezo yake ya kila siku, na kama mashine uliilaza badala ya kuizima, inaweza kuamka yenyewe kuyafanya. Asubuhi fungua dirisha la amri, andika powercfg /lastwake, nayo itakutajia kilichoiamsha mara ya mwisho. powercfg /devicequery wake_armed hutaja vifaa vyote vyenye ruhusa ya kuiamsha. Kipanya huwemo karibu kila mara, na kipanya chepesi huamshwa na mtikisiko wa lori linalopita. Ruhusa hiyo huondolewa kwenye sifa za kifaa husika, na ya matengenezo kwenye mipangilio ya matengenezo ya Windows.

Kama uliizima kabisa na bado ikawaka, jiulize kama umeme ulikatika usiku huo. BIOS ina mpangilio unaoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi: ibaki imezimwa, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo. Baadhi ya mashine zilizotumika maofisini Ulaya huja zikiwa zimewekwa kwenye "iwake," kwa sababu huko mafundi walitaka zirudi kazini zenyewe. Huku kwetu umeme hurudi saa tisa usiku. Ingia BIOS, F2 kwa Dell au F10 kwa HP, kwenye sehemu ya umeme, uchague ibaki imezimwa.